Wisteria ya Mlangoni pa Madamu

Wanangu wa bustanini,

Juzi Rukia, ambaye sasa ndiye msimamizi wenu, alinitumia picha kwa simu. Aliniamkia kwanza, "Shikamoo nyanya," tena kwa maneno kamili bila kukata herufi, nami nikajua anataka kitu. Kumbe meneja mpya ameagiza kila mmea wa hoteli uwekewe kibao chenye jina lake, wageni wapate kusoma badala ya kuuliza. Katika picha niliuona ule upinde wa mbao ulio mbele ya nyumba ya zamani ya mwenye hoteli. Maua ya zambarau yameteremka kila upande, na chini yake kuna kibao kipya, herufi zimechongwa vizuri sana: WISTERIA. Rukia aliuliza, "Nyanya, tumeandika sawa?"

Herufi mmeziandika sawa. Mmea ndio si wenyewe.

Ningeweza kumjibu Rukia kwa neno moja, nikarudi kwenye chai yangu. Lakini nikafikiri: ninyi mna simu za kuelekeza kwenye jani zikawatajia jina. Siku moja mmoja wenu ataielekeza simu yake pale, kisha atawacheka wazee waliokaa miaka kumi na saba wakiuita mmea kwa jina la mmea mwingine. Atasema tulikuwa wajinga. Hatukuwa wajinga, wanangu. Tulikuwa waongo, na kuusimamisha uongo miaka kumi na saba kwenye mwamba wa Diani kunahitaji ujuzi ambao ninyi bado hamnao. Kwa hiyo nimechukua daftari la mjukuu wangu hapa Msambweni, nimekaa barazani, naandika.

Kazi ya bustani sikuisomea. Nyanya yangu alikuwa akitunga asumini za maharusi, nami nilikua nikimchumia. Asumini huchumwa alasiri, ua likiwa bado limefumba, ili lije lifunguke kifuani mwa bibi harusi na si kwenye kikapu chako. Ukichelewa umechuma takataka. Siku moja nilipeleka vikuba, vile vishada vya asumini vya kuvaa kifuani, hotelini kwa ajili ya arusi ya wageni, na mwenye hoteli akanusa kimoja, akanusa cha pili, akauliza ni nani aliyepanda. Nikasema ni mimi. Akaniajiri palepale, bila barua wala mahojiano. Alikuwa mama wa Kizungu aliyefiwa na mumewe, mrefu, mkali, na sisi sote tulimwita Madamu tu.

Wanaume wa bustani walinicheka, mwanamke aliyejifunga leso kiunoni na mtaimbo mkononi. Mkubwa wao alikuwa Mzee Kubo wa Bongwe, mtu mfupi mwenye kofia ya kiua iliyokuwa nyeupe zamani. Hakucheka. Alinipa mtaimbo akanionyesha mahali, akasema, "Chimba shimo lifike goti." Ninyi mnaijua Diani: udongo ni vidole viwili, kisha ni jiwe la matumbawe mpaka kuzimu. Nilichimba siku mbili. Viganja vilitoka malengelenge, yakapasuka, nikaendelea. Nilipomaliza, Mzee Kubo alikuja akachungulia, akatikisa kichwa kwa kuridhika.

"Vizuri, mwanangu. Sasa lifukie."

"Nilifukie? Si la kupandia?"

"Halikuwa la kitu. Nilitaka kuona kama utauliza."

Nilimchukia wiki nzima. Ninayaeleza haya kwa sababu baadaye nilifanya kosa kubwa kuliko yote ya maisha yangu kwa ajili ya kutouliza, kwa hiyo msiseme sikufundishwa.

Alinifundisha pia kuonja maji. Kisima cha hoteli kilikuwa kikivuta chumvi kila kiangazi, na mabwana wa pampu wakaapa kwamba maji ni matamu. Mzee Kubo hakubishana na mtu. Alichota kiganjani, akaonja, akatema, akaenda kwenye mapipa ya maji ya mvua. Majani yakigeuka manjano kwa sababu ya chokaa ya jiwe letu, alifukia makopo yenye kutu na misumari chini ya mmea. Nilimuuliza kama dawa ile inafanya kazi kweli. Akasema, "Mara nyingine. Lakini tajiri akikuona unafukia misumari, anajua hukukaa bure." Nimeitumia dawa hiyo miaka yote, na imenisaidia zaidi kwa tajiri kuliko kwa majani.

Sasa nije kwenye wisteria.

Mwaka wa nne wa kazi yangu, Madamu alirudi kutoka kwao na kijiti ndani ya sanduku la nguo. Alikuwa amekizungushia gazeti lililolowa, akakilaza katikati ya magauni kama mtoto. Kilikuwa na mizizi michache na macho mawili matatu. Alituita mimi na Mzee Kubo mbele ya mlango wake. Kiswahili chake siku hizo kilikuwa bado cha kuamrisha.

"Hii ya mama yangu. Mlango ya mama yangu, juu yote maua, rangi ya zambarau, harufu nzuri sana. Mama amekufa, nyumba wameuza. Hii tu nimepata." Kisha akanitazama mimi. "Mwanasiti, wewe una mkono ya maua. Wewe utaangalia. Lakini hii ikikufa, wewe nenda nyumbani."

Hakuwa anatania. Mtu mmoja alikuwa amekwenda nyumbani kwa sababu ya majani ya uwanjani, na mwingine kwa sababu ya kasuku. Mimi nilikuwa mjane, na watoto watatu shuleni, na asumini za nyanya hazikuwa zikiwalisha. Niliushika mti ule kwa mikono miwili.

Tulichimba shimo la goti, safari hii la kweli. Tukaleta udongo mwekundu wa Bongwe kwa mkokoteni na samadi iliyokaa mwaka. Kijiti kikachipua. Majani yake yalikuwa laini, membamba, yamepangana pande mbili za kikonyo kama ya mlonge, ukiyapitisha mdomoni ni hariri. Nikaanza kuuzungusha kwenye nguzo ya upinde kila jioni, na kila asubuhi nikaukuta umejifungua umelala chini. Siku ya tano Mzee Kubo akasimama nyuma yangu.

"Unauzungusha kwenda wapi?"

"Kulia, baba. Juu ya nguzo."

"Wenyewe unakwenda kushoto. Mbona unabishana nao?"

Nikauzungusha kushoto, ukashika siku ileile. Kila mmea wa kutambaa una upande wake, wanangu, na huulizwi maoni. Na mfungapo, fungeni kwa kipande cha leso kuukuu, kilegee kidole kipite. Waya hunyonga shina taratibu, na utakapogundua mti umeshakuwa na kiuno cha nyigu.

Madamu akafurahi, akafunga safari kwenda kumaliza mambo ya urithi kwao. Miezi mitatu. Akaniachia mti, na maneno yake yaleyale.

Alipoondoka tu, majani yakaanza kugeuka manjano. Nikafukia misumari. Yakaanguka. Nikabadilisha maji. Yakaanguka yote, moja baada ya jingine, mpaka pakabaki kijiti kitupu kwenye nguzo, rangi ya jivu, hata kima hawakukitazama. Niliusomea dua, nikaunyunyizia maji ya zamzam aliyoniletea shangazi kutoka Hija, na Mungu anisamehe kwa matumizi hayo. Mzee Kubo wakati huo alikuwa Majoreni kwenye arusi ya binti yake, wiki nzima. Kama ningesubiri arusi iishe nikauliza, nisingekuwa na habari ya kuwaandikia.

Sikusubiri. Hapa kwetu mti mchanga ukivua majani yote, umekufa, na kisichokuwa na jani ni kuni. Nikasema moyoni, nimtoe marehemu huyu upesi, nitafute mwingine wa kufanana naye kabla Madamu hajarudi. Nikashika shina kwa mikono miwili nikalivuta. Halikutaka kutoka. Nikaliwekea mtaimbo, likatoka.

Mizizi ilikuwa myeupe. Myeupe na yenye maji, mingi kuliko nilivyoipanda, inang'aa kama mchicha uliotoka kuoshwa. Nilikaa chini pale kwenye changarawe na mti mapajani, nikajua nimefanya nini kabla mtu yeyote hajaniambia.

Mzee Kubo aliporudi, bado ana hina ya arusi kwenye kidole, alikwangua ganda la shina kwa ukucha wa kidole gumba. Chini yake palikuwa kijani kibichi.

"Mwanangu," alisema, wala hakunifokea, na hilo lilikuwa baya zaidi. "Mimi nimefanya kazi bara, kwenye baridi. Kule kuna miti inavua majani yote ikalala miezi. Huu ulikuwa umelala."

"Mbona hakunambia Madamu?"

"Kwao kila mtu anajua. Nani huambiwa kwamba usiku ni giza?"

Tuliurudisha shimoni. Tulimwaga maji ya mvua, tukautengenezea kivuli cha makuti. Baada ya wiki tatu nikakwangua mwenyewe kwa ukucha. Palikuwa na rangi ya kahawia, pakavu. Ukucha, wanangu. Nusu dakika ya ukucha ingeniokoa, nami nilikuwa na kucha kumi.

Sasa ikabaki namna ya kunusurika. Wazo la kwanza lilikuwa kuwasingizia kima. Kima wa Diani wamebeba lawama nyingi: wamekula keki ambazo wapishi walizila, wameiba mashuka, kuna mmoja aliwahi kusingiziwa kwamba amekunywa chupa nzima ya divai akairudisha kabatini. Lakini Madamu aliwapenda kima kuliko alivyotupenda sisi, asingekubali. Nikaanza kukusanya viatu vyangu vya kazi niende nyumbani kabla sijaambiwa.

"Kaa," akasema Mzee Kubo. "Maua yake alisema ni rangi gani?"

"Zambarau. Yanateremka."

"Basi ninao."

Kwenye ua wa nyumba yake Bongwe alikuwa na mmea wa kutambaa ambao tajiri wake wa zamani alimwachia. Ulikuwa petrea. Petrea maua yake ni zambarau, yananing'inia kwa vichala virefu, na kwa mbali, tena kwa jicho la mtu mwenye hamu, ni wisteria. Mzee Kubo alikwangua ganda la tawi kuzunguka, tawi likiwa bado mtini, upana wa kidole, akalifunga kwa makumbi ya nazi yaliyolowekwa, juu yake karatasi ya nailoni, akakaza kwa kamba huku na huku. Wengine huagiza majani maalumu kutoka nje kwa kazi hiyo, na kumbi la nazi linawatazama chini ya mnazi. Baada ya wiki sita mizizi ilionekana kupitia nailoni. Tukakata, tukaleta, tukapanda katika shimo lilelile. Tulikuwa na siku tano za kupumua kabla Madamu hajashuka kwenye gari.

Kulikuwa na tatizo moja, nalo ni jani. Jani la petrea ni gumu na linakwaruza kama msasa, fundi seremala angeweza kulitumia. Madamu alisimama mlangoni, akalitazama kwa muda.

"Majani imebadilika," alisema.

Mzee Kubo alivua kofia.

"Madamu, ni jua la huku. Hata wewe ulipofika mara ya kwanza ngozi yako haikuwa hivyo."

Madamu aliitazama mikono yake iliyobabuka, akacheka. Ilikuwa mara ya pili kumwona akicheka tangu aniajiri. Akaingia ndani. Mzee Kubo akarudisha kofia kichwani, akanambia nikamwagilie maji, kana kwamba siku ile ilikuwa kama siku nyingine.

Mwaka wa tatu petrea ikachanua. Asubuhi hiyo Madamu alitoka na kanzu ya kulalia, miguu mitupu, akasimama chini ya upinde, akalia. Hakulia kwa kificho. Aliwaita wageni waliokuwa wakila kiamshakinywa, akawasimulia habari za mlango wa mama yake, na wageni wakapiga picha. Mimi nilisimama kando na ndoo. Mlitaka nifurahi, kazi yangu si imesalimika? Niliona haya mpaka masikio yakawaka.

Kisha akageuka. "Mwanasiti, mbona hainuki? Ya mama ilinuka mpaka barabarani."

Petrea hainuki kitu. Nikasema, "Bado changa, Madamu." Uongo wa kwanza ni kama mkazi wa nyumba yako, huwezi kumwacha alale njaa. Jioni ile nilikwenda Msambweni nikarudi kesho yake na asumini ya nyanya, ile yenyewe ya maharusi. Niliipanda nyuma ya nguzo, shina lake nikalipitisha ndani ya petrea, na kila ilipotaka kujionyesha nikaipunguza kwa mkasi. Maua machache nikayaacha juu, pale wisteria ilipopaswa kunukia.

Tangu hapo kila magharibi Madamu alitoa kiti chake, akakaa chini ya upinde, akafumba macho. Alikaa mpaka giza. Mara nyingine aliniita nikae naye, tukazungumza, na Kiswahili chake kikanyooka kwenye kiti kile mwaka baada ya mwaka. Alinisimulia mama yake alivyokuwa akipika, nikamsimulia nyanya yangu alivyotunga asumini. Alisema, "Ajabu, Mwanasiti. Nikiwa mdogo sikuipenda harufu hii hivi. Nadhani imekuwa tamu zaidi huku." Nikasema labda ni jua.

Katika miaka yote hiyo tulikaribia kukamatwa mara moja. Alikuja mgeni kutoka bara, mwalimu wa mambo ya mimea chuoni, mtu mpole mwenye miwani mikubwa. Nilimwona akisugua jani kwa vidole, na kusugua jani la petrea si jambo la kusahau. Akanitazama.

"Mama, hii ni petrea."

"Sema polepole, mwalimu. Mwenye nyumba yumo ndani."

"Lakini wamesema ni—"

"Wamesema. Wewe una haraka gani?"

Akacheka mpaka akavua miwani kuifuta. Nikamweleza ukweli wote hapohapo, mtu wa kwanza kuusikia baada ya Mzee Kubo, na nilijisikia mwepesi siku nzima. Hakunidai kitu ila nimfundishe kutunga kikuba ampelekee mkewe. Alikitunga vibaya kupita kiasi. Nilikifungua na kukitunga upya nyuma ya jikoni, naye akakichukua akijua kwamba sicho chake. Ndiyo sababu nilimwamini.

Mzee Kubo alistaafu, na baadaye akaugua. Nilipokwenda kumwona Bongwe alikuwa amelala kwenye mkeka karibu na ile petrea mama. Akaniambia, "Siku moja itabidi umwambie. Kwa bahati yangu nzuri, mimi sitakuwepo." Na kweli hakuwepo. Mungu amrehemu, alikuwa na akili mpaka ya kuchagua wakati wa kufa.

Macho ya Madamu yakaanza kuingia ukungu. Akauza hoteli, akapanga kurudi kwao kukaa na dada yake mdogo. Miezi miwili kabla ya safari aliniita kwenye kiti.

"Mwanasiti, nataka tawi. Dada yangu ana ukuta mzuri unaopata jua. Nataka mti wa mama urudi kwao."

Nikasema, "Ndiyo, Madamu."

Nilikwangua tawi la petrea kuzunguka, nikafunga makumbi, nikakaza kamba, mikono ikifanya kazi peke yake. Wiki sita mizizi ikatoka. Msinifikirie vibaya kuliko ninavyostahili: wiki sita zile sikulala vizuri. Kila nilipoutazama mfuko ule wa nailoni niliuona ukifunguliwa kwenye baridi, na mama mzee asiyeona vizuri akisubiri mti wa kwetu ulale na uamke, na usiamke. Kisha angejilaumu. Angekaa akifikiri kwamba ameuua mti wa mama yake kwa mkono wake mwenyewe, nami namjua mtu aliyebeba mzigo huo. Nisingeweza kumwachia.

Alasiri ya siku ya mwisho nilikwenda na lile tawi nimelifunga vizuri. Alikuwa kwenye kiti chake. Nilikaa chini, nikasema kabla sijapata nafasi ya kubadilisha nia.

"Madamu, huu si mti wa mama yako. Ule ulikufa. Ulivua majani, nikadhani umekufa, nikaung'oa, kumbe ulikuwa mzima. Niliuua mimi. Huu ni petrea, wa Bongwe. Kwenu utakufa siku ya kwanza ya baridi."

Alinyoosha mkono akashika jani lililokuwa karibu, akalisugua polepole kwa kidole gumba, kisha akalirudia. Sidhani kama aliwahi kuligusa kabla ya hapo. Miaka yote alikuwa akitazama juu.

"Nimelia chini ya mti wa mtu mwingine," akasema mwishowe. "Nimewaita watu."

"Ndiyo, Madamu."

"Na harufu?"

"Asumini. Ya nyanya yangu. Imo ndani."

Asumini nayo, kwa kukosa adabu, ikaanza kufunguka saa ileile, na harufu ikashuka juu yetu sote wawili.

"Nenda nyumbani, Mwanasiti," akasema.

Hakusema kwa hasira. Ningependa kuwaambia kwamba alisema kwa upole, lakini hiyo pia ingekuwa kazi ya kumalizia uongo wangu kwa rangi. Alisema tu. Nilisubiri maneno yale miaka kumi na saba, na yalipokuja yalikuwa hayana uzito niliofikiri. Nililiacha tawi miguuni pake, nikaenda nyumbani, nikalia jikoni watu wa nyumbani wakidhani ni moshi.

Asubuhi nilirudi kazini kwa sababu hakuna aliyemwambia askari wa lango asinifungulie. Gari la Madamu lilikuwa limeondoka alfajiri. Lile tawi la petrea lilikuwa palepale nilipoliacha, kwenye ngazi, halijafunguliwa. Nikaliinua nikaona sawa, ninastahili.

Kisha nikatazama nyuma ya nguzo. Asumini ilikuwa imekatwa. Si kwa mkasi wetu, bali kwa mkasi wa jikoni, butu, ganda limechanika. Majani yametawanyika chini, alama za viatu vyake kwenye udongo niliokuwa nimeumwagilia. Alikuwa amepapasa ndani ya petrea, na macho yale, akatafuta kwa pua mpaka akaipata, akakata kijiti kimoja urefu wa mkono. Alikuwa amekata katikati ya kifundo na kifundo, mbali na pale jani linapotokea. Kipande kirefu kama kile kisicho na kifundo chini huoza kabla ya kutoa mzizi.

Angeniuliza, ningemwonyesha. Miaka kumi na saba nilikaa na mwanamke yule chini ya asumini nikamfundisha kila kitu isipokuwa asumini, kwa sababu haikupaswa kuwepo. Sijui kama kijiti kile kilishika. Hakuniandikia, nami sikuwa na anwani ya kumwandikia. Kila nikikata cha kwangu hapa barazani namkumbuka, na inaniuma, tena siku hizi inaniuma zaidi kuliko wisteria.

Kwa hiyo Rukia mwanangu, ondoa kibao hicho. Andika PETREA, na kama nafasi inatosha, andika kwamba imetoka Bongwe kwa mkono wa Mzee Kubo. Meneja akiuliza kwa nini, mpe daftari hili, asome akipenda. Nyuma ya nguzo msiweke kibao. Lakini jioni mgeni akisimama pale akafumba macho, kisha akaomba kijiti, msimwache akate peke yake. Mkatieni chini kidogo ya kifundo, toeni majani ya chini, mfungieni kwa gazeti lililolowa, na mwambieni jina lake la kweli.